Kinyozi Anautaka Ufunguo wa Kabati

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku njema. Jana mchungaji alitangaza semina ya walimu wa kujitolea wa darasa la watoto, kuanzia Alhamisi. Mkufunzi anatoka makao makuu. Jumapili atatangazwa mwalimu kiongozi, naye atakabidhiwa ufunguo wa kabati.

Kabati lenyewe ni la mbao, mlango mmoja umeinama. Ndani mna kalamu za rangi, vitabu vya picha, mpira na biskuti. Mwenye ufunguo ndiye mwenye darasa, wengine wasindikizaji. Miaka mitatu nimejitolea, na miaka mitatu kazi yangu ni kupanga viti na kupeleka watoto chooni. Inaniuma. Sijamwambia mtu, naandika hapa tu.

Mpinzani ni mmoja tu: Fundi. Anashona nguo chumba cha pili, tunagawana ukuta. Mimi nikinyoa, nasikia cherehani yake. Watoto wakimwona Fundi wanamkimbilia. Wakiniona mimi wanashika vichwa.

Nimemwambia mke wangu ufunguo huo ni wangu. Akasema basi atatafuta msumari wa kuutundika. Sijui kama alikuwa anatania.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Siri imenifikia! Mama mchungaji amesema kila mwalimu atafundisha somo moja mbele ya watoto, na masomo yatagawanywa kwa kura. Nikaomba kuandaa vikaratasi. Alishukuru, akasema laiti wote wangekuwa na moyo kama wangu. Moyo ninao.

Vikaratasi sita. Kwenye cha Samsoni nimedondosha tone la mafuta ya nywele. Nani atasimulia habari za Samsoni amshinde kinyozi? Kwenye kingine nimeandika "Vizazi, kutoka Adamu hadi Nuhu". Hicho nimemwombea Fundi kwa sala fupi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Semina imeanza, chumba cha nyuma ya kanisa. Watu wazima sita kwenye viti vya watoto, magoti yanagusa videvu. Mkufunzi ni mama wa sauti ndogo, lakini ana kengele. Ukizidisha dakika, anaigonga. Nimempa jina Mama Kengele. Alituambia mwalimu wa kujitolea hatafuti cheo. Niliandika maneno hayo na kuyapigia mstari, nikahakikisha ameona.

Kisha kura. Mafuta yalikuwa yamesambaa! Vikaratasi vitatu vinateleza. Ikabidi niviinamie na kuvinusa kimoja kimoja. Mama Kengele akaniuliza kama nina mafua. Nikavuta chenye harufu kali zaidi. Samsoni!

Vizazi vimemwangukia mzee mstaafu wa posta. Fundi amepata Yusufu na kanzu yake ya rangi. Fundi wa nguo, kapewa kanzu, bila hata kudanganya. Dunia haina haki.

Jioni nimeenda kwa Fundi kuomba nyuzi nyeusi za kutengenezea nywele za Samsoni. Alinipa mafungu mawili na akanisaidia kuzisuka. Adui gani huyu asiyejua kuwa yuko vitani?

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nieleze kwa utaratibu.

Mzee wa posta alianza. Aligawa majina ya vizazi kama barua, moja baada ya jingine, hata watoto wawili wakalala. Vizuri. Akafuata Fundi na kanzu ya vipande vya kitambaa. Kila mtoto aliivaa kwa zamu. Muda ulipita, na Mama Kengele alisahau kengele yake mapajani. Vibaya sana.

Zamu yangu. Nilivaa zile nyuzi kichwani, nikajifunga shuka la kunyolea, nikawasha mashine. Ikanguruma. Hakuna aliyelala! Nilieleza nguvu za Samsoni, jinsi zilivyokaa kwenye nywele, na jinsi alivyonyolewa akabaki mnyonge. Nikajinyoa zile nyuzi, nikaanguka chini, nikalia. Watoto walinikodolea macho. Nikajua ufunguo uko njiani.

Ndipo akanyoosha mkono yule mtoto ninayemwita Kichaka kwa ajili ya nywele zake. Akauliza kama aliyemnyoa Samsoni ni Delila.

Ningenyamaza tu. Lakini Maandiko nayajua. Nikamjibu hapana, Delila hakunyoa mwenyewe, aliita mtu aje amnyoe.

"Mwalimu," akasema Kichaka, "huyo mtu alikuwa wewe?"

Mashine bado inanguruma mkononi mwangu. Kengele ikagongwa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Saluni imeninunia. Jumamosi ndiyo siku ya watoto, na leo hakuna mtoto aliyekubali kukaa kwenye kiti. Kichaka aling'ang'ania mlango akilia kwamba nguvu zake zitakwisha. Mama yake akaniuliza nimemfundisha nini mwanawe. Nikasema Neno. Akasema basi nimwombee Neno hilo limtoke, mtoto ana picha ya shule Jumatatu. Hatukuafikiana.

Upande wa pili wa ukuta cherehani haikunyamaza kutwa. Kila mtoto anataka kanzu ya rangi.

Bado kuna barua. Mama Kengele ametaka kila mmoja amwandikie mchungaji barua fupi ya kujitolea, iwe mkononi mwake leo. Hapo ndipo nitamshinda Fundi, maana mimi na kalamu ni ndugu. Wengine wataandika "najitolea", neno la kila siku, la kufagia uwanja. Mimi nimechagua lenye uzito: "Baada ya kutafakari sana, na kwa moyo mmoja, najitoa kabisa katika huduma ya watoto."

Mke wangu aliisoma mara mbili.

"Baba watoto, kujitolea na kujitoa si kitu kimoja," akasema.

Nikamkumbusha kwamba watu husali kila Jumapili wakisema, Bwana, najitoa kwako. Akasema kwako ni kwako na katika ni katika. Nikamwambia silabi moja haijawahi kumvunja mtu mguu. Nikaipeleka mwenyewe.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nilivaa suti. Nilikaa kiti cha mbele.

Mchungaji alisema mkufunzi amewahoji watoto wote bila walimu kuwepo. Kanzu waliipenda, lakini somo walilolikumbuka neno kwa neno, hadi jina la mji, ni la Samsoni. Kwa hiyo mkufunzi alikuwa amempendekeza kinyozi awe mwalimu kiongozi.

Nilianza kusimama. Nilikuwa nimesimama nusu.

"Lakini ndugu yetu ametuandikia mwenyewe kwamba anajitoa," mchungaji akasema, "na amesisitiza, kabisa. Tuheshimu uamuzi wake."

Akaisoma barua yote. Ilisomeka vizuri, hilo halina ubishi. Kanisa likanipigia makofi kwa unyenyekevu wangu, nami nikiwa nusu nimesimama, nikainama kidogo kuwashukuru. Ningefanyaje? Niseme nilikosea? Bora nionekane nimechoka kuliko nionekane sijui Kiswahili.

Fundi alipewa ufunguo. Baada ya ibada alinifuata, akasema pole jirani, hakutaka iwe hivi, na kama moyo utabadilika viti bado vinahitaji mtu wa kuvipanga. Alikuwa na machozi. Nilienda nyuma ya kanisa nikalia na mimi, dakika tatu hivi.

Nyumbani nilikuta msumari umeshapigwa ukutani. Mke wangu ametundika kofia yangu.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimepata nguvu mpya. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mchungaji kusoma harakaharaka. Na nimesikia wahudumu wa mlangoni wanatafuta kiongozi. Huyo hashiki ufunguo wa kabati, anashika ufunguo wa kanisa zima! Anayefika kwanza asubuhi, akafungua, akawakaribisha watu. Kabati ni nini mbele ya kanisa?

Barua iko tayari. Fupi, yenye uzito, bila silabi za kupoteza wino: "Niko radhi kufika mapema kila Jumapili na kuwafungia waumini wote mlango wa kanisa."

Mke wangu ameisoma mara mbili. Ameniuliza kama nina uhakika na kila neno. Nikamwambia ninao. Amenitafutia bahasha.