Uamuzi Namba 14 Kuhusu Ng'ombe wa Televisheni

Wananchi wote wa Muheto wanajulishwa kwamba kuanzia Jumatatu, ng'ombe aitwaye Bihogo si mfugo tena. Ni mwigizaji wa umma wa daraja la kwanza.

Straton, mwenyekiti wa Tume ya Mchezo wa Kwanza wa Televisheni, alilisoma tangazo hilo mwenyewe, akalipiga muhuri mara mbili, ya pili kwa furaha tu. Mchezo ulihusu ng'ombe mwaminifu. Tume ilikaa siku tisa kujadili kama ng'ombe anahitaji kitambulisho. Iliamua anahitaji, ikampiga picha ya ubavuni, maana ile ya mbele alikuwa anatafuna.

Mwenye ng'ombe, mjane Kamaliza, hakuwa na mwingine.

"Papa Président, maziwa ya huyu njo inakulishaka batoto bangu. Mutamurudisha lini?"

"Mama, iko réquisition, Tume imemutwaa kwa kazi ya umma," Straton akamjibu kwa upole. "Réquisition haina lini."

Tuyisenge, mpiga picha kutoka Goma, alinasa yote, machozi ya Kamaliza na kamba ikivutwa, akasema hata waigizaji wa kulipwa hawalii hivyo. Ikawa sehemu ya kwanza ya mchezo. Straton aliyahesabu machozi yale kuwa mafanikio ya utawala. Pensheni ya Bihogo nayo alikwisha kuipanga: angestaafia kwenye malisho ya Straton.

Ilibaki sehemu ya mwisho, ambapo chifu mkarimu anampa mjane ng'ombe. Uchifu hauigizwi na mtu yeyote tu, hivyo Straton alijiteua. Watu wa mlimani wote waliitwa washuhudie. Akasimama na fimbo, akasema anatoa ng'ombe. Tuyisenge akalalamika kwamba hasadikiki. Hilo lilimuuma Straton, akarudia kwa sauti nzito:

"Kamaliza, ninakupa Bihogo, weye na batoto bako, mbele ya hawa bantu bote."

Wazee wakapiga makofi. Kamaliza akapiga magoti, akashukuru kama desturi inavyotaka, akaishika kamba na kuanza kupanda mlima.

"Mama, filme imeisha. Rudisha."

Kamaliza hakugeuka. Mzee Nshimiyimana, aliyeketi mbele, ndiye aliyejibu. "Président, ngombe yenye ilitolewa mbele ya bantu hairudiake. Hata baba yako angekuambia."

Straton akamwamuru Tuyisenge aifute sehemu ile upesi.

"Naweza," Tuyisenge akasema, akikunja waya wake. "Lakini nikiifuta, mu filme itabakia tu ile yenye unamunyanganya ngombe."

Straton akatazama mlimani. Kule juu Kamaliza alikuwa amekwisha kuchuchumaa anakamua, na kama afanyavyo kila aliyepewa ng'ombe, akalitaja kwa sauti jina la aliyempa. Bonde zima likaitikia, "Straton". Kamera ilikuwa bado imewashwa, ikabidi mwenyekiti apunge mkono.