Nafasi Moja, Kamati ya Mitaro

Jumatatu, 3 Juni
Ofisi ya kata imebandika tangazo. Kamati ya Mitaro na Taka inataka mkazi mmoja wa mtaa wetu. Fomu zirudishwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mkazi mmoja! Nani zaidi yangu? Miaka kumi na tisa nakaa kibandani natengeneza saa, na mtaa mzima unapita mbele ya macho yangu.

Hatari ni moja: kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ana wateja, ana redio, anapenda vyeo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini yule kazi yake kunyoa za wenzake. Nimebandika tangazo la chanjo ya mbwa juu ya lile la kamati. Limelifunika lote.

Nimemwambia mke wangu kiti ni changu. Akasema kila kitu ni changu mpaka kiwe cha mtu mwingine. Sikumwelewa.

Jumatano, 5 Juni
Nimepeleka fomu. Karani, binti mwenye miwani na mhuri, akanifungulia sanduku. Fomu moja tu, yangu! Nikamnyooshea mkono nipongezwe. Hakuupokea. Kumbe siku hizi uteuzi ni wa wazi. Waombaji wasipofika watatu, linapita gari la kipaza sauti mtaa kwa mtaa kutangaza upya. Kipaza sauti! Kinyozi atasikia hata mashine ikinguruma.

Nahitaji wapinzani wawili. Wabovu.

Alhamisi, 6 Juni
Wamepatikana. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye akiona kiti analala. Wa pili ni mama mkwe. Mbele za watu hafungui kinywa. Nimemwambia ni karatasi tu ya kunisindikiza.

Akauliza kamati inafanya nini. Mitaro, nikasema. Akauliza mtaro upi. Maswali ya nini? Fomu yake nimeijaza mwenyewe. Penye uzoefu nikaandika "hana". Akasema niandike kwamba anazibua mtaro wa nyumbani kwake miaka kumi na moja. Nimeandika. Herufi ndogo.

Ijumaa, 7 Juni
Fomu zetu zote tatu zimebandikwa ukutani, kila mtu asome, mwenye pingamizi aandike. Ukutani! Yangu inasema mimi ni "mhandisi wa vyombo vya muda". Kinyozi ameikariri. Anawasomea wateja, na wanacheka huku wembe uko shingoni. Watu hawajipendi.

Mama mkwe hana pingamizi hata moja. Shemeji hana. Mimi ninazo saba. Zote za saa. Mmoja anadai yake niko nayo tangu mwanawe ananyonya, na sasa mtoto anasoma darasa la pili. Kazi nzuri haitaki haraka.

Jumamosi, 8 Juni
Usaili ukumbini, mbele ya wakazi, alama zinaandikwa ubaoni kwa chaki. Swali: maji ya mvua ya mtaa wetu yanaishia wapi?

Nilijibu kwa dakika tisa. Niligusa dira, wadau na vizazi vijavyo. Karani akauliza tena: yanaishia wapi? Nikasema hilo ndilo swali la msingi.

Shemeji aliamshwa. Akasema anaunga mkono. Akapewa alama kwa ufupi.

Mama mkwe alisimama, kashika ncha ya kanga. Nikamhurumia. Kisha akasema, polepole, "Yanashuka kutoka kule kwenye bomba la mtaa, yanapita nyuma ya mashine ya kusaga, yanakwama chini ya kibanda cha mkwe wangu. Alimwaga zege juu ya mtaro apate pa kukaa. Sina ubaya naye, ni mwanangu. Lakini mmeuliza maji."

Makofi ukumbi mzima. Kinyozi alipiga mpaka akasimama.

Mama mkwe 41. Shemeji 19. Mimi 11. Na mbili kati ya hizo ni za kufika mapema.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe amekuja. Akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kama nimeumia yuko tayari kukirudisha cheo. Kidogo machozi yanitoke. Nikasema hapana, mama, mtaa unakuhitaji. Akashukuru, akafungua mkoba, akanipa barua yenye mhuri. Zege livunjwe ndani ya siku kumi na nne. Ndiyo kazi yake ya kwanza. Akaniombea heri, akaenda.

Mke wangu alikuwa jikoni. Niliona mabega yake yakicheka.

Jumanne, 11 Juni
Habari kubwa! Kata inataka mwangalizi mmoja wa kuhakikisha wajumbe wa kamati wanateuliwa kwa uwazi. Cheo juu ya vyeo! Kizingiti ni kimoja: asiwe na undugu na mjumbe yeyote. Mimi na mama mkwe tunahusiana kwa ndoa tu. Kwa hiyo nimemwomba mke wangu tuachane kidogo, kwenye karatasi, mpaka mwisho wa mwezi.

Nilijiandaa kubembeleza siku tatu. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Ameshakwenda mwenyewe kuchukua fomu, na kalamu kabeba.

Mwanamke mwelewa sana. Bahati yangu.