Matope ya Kumzuia Sungura

Jumatano, 11 Novemba 1931

Jumamosi timu ya chuo chetu inamaliza msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi, na vijana wa bondeni. Wana mkimbiaji wao, wanamwita Sungura. Mji mzima unatetemeka. Mimi? Thubutu! Enzi zangu nilikimbia na mpira kwapani, watu saba wakining'inia mgongoni, mmoja wao padri. Nimemwambia kocha. Kacheka, kasema mzee, wewe kapake chokaa kwenye mistari yako ya uwanja. Haya. Atanijua.

Hofu yangu ni kwa Tadek, mpwa wangu, mchezaji wetu. Chuo kinamsomesha kwa sababu ya miguu yake tu. Asipocheza ni mgodini, kulekule alikofia babake.

Ijumaa, 13 Novemba

Nimepata! Sungura hakimbii kwenye matope. Alasiri nimefungua bomba, nimelowesha uwanja mpaka bata wangehamia. Tadek kanikuta. Kaniuliza, sasa mjomba, na mimi nitakimbilia wapi? Nimemjibu aache woga, ukoo wetu umezoea tope.

Jumamosi, 14 Novemba

Baridi! Uwanja umeganda barafu, kioo kitupu. Kocha kaapa akimjua aliyemwaga maji atamfukia katikati ya uwanja. Nimemuunga mkono, tena kwa sauti.

Sungura kateleza, kainuka anacheka. Tadek kapokea mpira, kageuka, goti likalia. Nimelisikia nilipo, na ndoo yangu ya chokaa. Kanitazama tu.

Jumapili, 15 Novemba

Hospitali. Daktari kasema goti hilo halitakimbia tena. Tadek hajamtaja mtu. Dada Bronia, mama yake, kaniletea supu ya kabichi, kasema pole kaka, najua unavyompenda mwanangu.

Jumatatu, 14 Desemba

Chuo kimemwacha. Leo Tadek kaanza mgodini, kutenga mawe na makaa, kazi wanayopewa vilema. Kaondoka alfajiri akichechemea, kavaa kofia ya babake. Bronia kabaki mlangoni, kama kagandishwa pale, hata baridi haisikii.

Nimemfuata njiani, nimemwambia asikate tamaa, nina mpango. Kasema, mjomba, nakuomba kwa Mungu, usinisaidie tena. Maskini. Ni maumivu hayo yanayosema.

Nimekaa, nimetafuta kosa lilikuwa wapi. Nimeliona! Maji ndiyo yenye makosa. Maji huganda. Mafuta ya taa hayagandi ng'o. Na mwakani mdogo wake, Witek, anaingia timu ya chuo. Nimeshaanza kukusanya madebe.