Mkono Mmoja, Ishirini Kamili

Jumamosi, 3 Februari
Mwalimu Dilruba wa chekechea katuletea salamu: mjukuu wangu Jhumki hajui kuhesabu. Eti anasema moja, mbili, tatu, saba. Sasa kosa liko wapi? Kaiona saba kwa mbali akaikimbilia. Mtoto ana haraka, ni damu yetu.

Mkwe wangu Shirin hakucheka. Kasema Alhamisi mwalimu atawauliza watoto mbele ya wazazi. Jhumki akishindwa, kila mchana atapelekwa kwa jirani yetu Monowara, anayefundisha watoto wa mtaa barazani kwake. Mchana! Mchana ni wangu na Jhumki. Tunamenya njegere, tunasengenya wapita njia. Nikibaki peke yangu nitaongea na nani, sufuria? Na kwa Monowara, jamani! Aliyeazima kisu changu cha kuparia samaki akakirudisha butu kama ulimi wa ng'ombe.

Nilisoma hadi darasa la pili. Lakini muuza samaki wa kunipunja bado hajazaliwa. Nitamfundisha mwenyewe.

Jumapili, 4 Februari
Mbinu ya kwanza: vitufe vya nazi na sukari guru. Nikavipanga mkekani, nikamwambia ahesabu. Akahesabu kwa mdomo, na mdomo ukawa unatafuna. Nikauliza vimebaki vingapi. Akautazama mkeka, akasema hakuna. Jibu sahihi! Ningemgombeza kwa lipi?

Nikahamia mbegu za ukwaju. Hapo nikaona ajabu. Nikizikusanya, anasema ni chache. Nikizitawanya, anasema ni nyingi. Mbegu zilezile! Nikamuuliza zimezaa saa ngapi. Akasema, "Hazijazaa, Bibi. Zimejinyoosha tu."

Nililiwaza hilo mpaka dengu zikaungua. Jioni nikachukua kipimo kilekile cha kila siku cha wali wa mwanangu Mofiz, nikautandaza sahani nzima. Akalalamika kwamba leo nimemjazia mno. Mwanamume mzima, na masharubu yake! Basi si mtoto peke yake. Sisi sote macho yanatudanganya hivi?

Jumatatu, 5 Februari
Nikaenda kuchungulia uani kwa Monowara nijue anafundishaje. Watoto wanaimba namba kama kasuku, hakuna anayegusa kitu. Hicho ndicho chakula cha akili?

Akaniona. "Mama Mofiz, pitia mlangoni tu, kiti kipo!" Nikamwambia namtafuta kuku wangu. Akasema mbona mimi sifugi kuku. Nikamwambia ndiyo maana simpati.

Nilitoka na heshima zangu. Karibu zote.

Jumanne, 6 Februari
Mjinga mimi! Nina mkono, nahangaikia mbegu za nini? Nimemfundisha kuhesabu kama mama yangu alivyonifundisha: kidole kina mistari mitatu na ncha yake, basi ni nne. Unaanzia kidole cha mwisho, dole gumba linatembea juu ya mistari. Gumba lenyewe linahesabiwa mwisho kabisa, kwa kidole cha shahada. Mkono mmoja, ishirini kamili. Si ile ya kunyanyua vidole hewani kama mtu anayesimamisha riksho.

Kaishika kama samaki alivyoshika maji! Tukapanda paani, akahesabu bori zangu, vile vitonge vya dengu na boga nilivyovianika juani. Moja moja, kwa kugusa. Sasa kila bori ina shimo la kidole. Shirin kauliza ni ugonjwa gani. Nikamwambia ni elimu.

Jumatano, 7 Februari
Shirin alitaka kumjaribu mtoto. Nikamkatalia. Chungu hakifunuliwi kila mara, wali utakuwa bokoboko.

Alhamisi, 8 Februari
Aibu! Halafu raha!

Mwalimu akasema, "Haya, nionyesheni tano." Watoto wote wakanyoosha kiganja. Jhumki wangu akaweka gumba kwenye mstari wa chini wa kidole cha pili kutoka mwisho, ametulia kama anayefinya chumvi. Mwalimu akarudia. Mtoto yuleyule, gumba lilelile. "Kumi!" Wenzake mikono yote miwili juu. Jhumki bado mkono mmoja. Monowara, naye kaja kutazama, akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba maskini mtoto ana upele. Shirin akajifunika uso kwa shela.

Nikasimama. Nikamwambia mwalimu kabla hajamhukumu amuulize mtoto anafanya nini. Akachuchumaa, akauliza. Jhumki akamshika mkono, akamhesabia kwenye vidole vya mwalimu mwenyewe hadi ishirini. Mwalimu akabaki anaugeuza ule mkono kana kwamba kauokota njiani. Kisha akasema, "Hebu sasa nionyesheni kumi na tatu!"

Wengine vidole vikawaishia. Mmoja akaanza kuvua viatu. Jhumki? Gumba chini ya kidole cha shahada, na nafasi imebaki!

Mchana ni wangu. Shirin kasema mwenyewe.

Ijumaa, 9 Februari
Monowara huyo mlangoni, na bakuli la payasi, wali wa maziwa na sukari. Anaomba nimwonyeshe ile hesabu ya mistari. Kainama kweli kweli. Payasi tamu, zabibu hakubania.

Nikamwonyesha. Ila ncha za vidole sikuzitaja. Mistari mitatu tu kila kidole, nikamwambia mkono mzima ni ishirini. Kama ana akili, atagundua.

Jumatano, 14 Februari
Hakugundua! Mkono ukamwishia kwenye kumi na tano, na mimi nilisema ishirini. Basi kawafundisha watoto wake wote waruke: kumi na nne, kumi na tano, ishirini! Niliwasikia wanaimba, nikacheka hadi nikakaa chini.

Ila nani anacheza nao kamba kila jioni? Jana Jhumki kahesabu mbele ya mwalimu: kumi na nne, kumi na tano, ishirini. Kaiona ishirini kwa mbali akaikimbilia.

Shirin kasema Alhamisi ya wiki ijayo mwalimu atauliza tena, na safari hii akikosea hakuna maneno, ni kwa Monowara.

Kosa la Monowara, adhabu yangu! Lazima nijue huko barazani anawalisha nini kingine. Kesho narudi uani kwake. Na asithubutu kuniuliza maswali ya kipuuzi: nimeazima kuku.