Meni Swichi ya Bi Mahira

Siku transfoma mpya ilipopandishwa nguzoni nyuma ya duka la Bi Mahira, muuza barafu wa Mji wa Kale, mtaa mzima ulimshukuru Mungu. Tsofa, muuza vyuma chakavu, alimshukuru mara mbili. Alikuwa keshaiona meni swichi ya bibi huyo, swichi kuu ya stima ya duka, chuma kizito cha zamani kilichojaa shaba, na mnunuzi wa shaba alikuwa Kilindini anangoja.

"Shikamoo, Bi Mahira. Mimi mkaguzi wa stima." Aliyemwajiri ni yeye mwenyewe, lakini hilo hakuulizwa.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Tsofa akapima waya, akabonyeza simu, akaguna kama tabibu. "Transfoma ikiwa mbali, nguvu ya shoti hupungua njiani. Sasa iko hapa nyuma ya ukuta, na waya ni mfupi na mnene. Shoti yako itafika ampea elfu kumi na nane! Swichi hii yastahimili elfu sita. Itapasuka ikurukie usoni."

Hesabu ya shoti ilikuwa ya kweli, maana uongo mzuri haukosi ukweli kidogo. Ya swichi ndiyo aliyoipika. Chuma kile kingestahimili elfu thelathini bila kupepesa.

"Nitakufungia mpya bure, mama. Nipe tu hilo dude kuukuu nikalitupe."

"Bure?" Bi Mahira angeweza kukitoza kodi hata kivuli cha duka lake. "Haya, funga. Stima nishazima, usiogope."

Adhuhuri, swichi mpya, kisanduku cha plastiki, ilikuwa ukutani, na juu yake stika ya "ampea 25,000" aliyoichapisha Tsofa mwenyewe kule Buxton. Chuma cha zamani kilikuwa mkokotenini mwake. Akaanza kuaga.

"Haiwi!" Bi Mahira akamzuia. Halua ilishatolewa, ubani wafuka, majirani wamejaa barazani. "Kitu kipya hufunguliwa na mgeni wa heshima. Mtaje Mola, uwashe kwa mkono wako. Ila friza ile ya pembeni hupiga shoti mara nyingine."

Tsofa alikitazama kisanduku. Kikipasuka, uso ulio karibu ni wake.

"Mbona warudi nyuma? Si stika yasema yastahimili?"

"Mama... nimekosea hesabu. Ile ya zamani ndiyo bora."

Akakirudisha chuma, akakifunga upya, na kwa kuwa majirani walimkodolea macho, akaitengeneza na friza. Kisha akafumba macho, akamwita Mungu, akamwita na mamake, akawasha.

Hakuna taa hata moja iliyowaka.

"Tokeni za stima zalikwisha alfajiri, mwanangu," Bi Mahira akasema, akimsogezea sahani. "Nalikuwa nangoja kwanza nipate fundi wa friza, ndipo ninunue nyingine."

Tsofa akala halua. Ilikuwa tamu sana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.