Ufunguzi wa Kituo cha Vitamini D, Mambrui

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi. Mheshimiwa Chifu, Naibu wa Chifu, na yule anayekaimu unaibu. Maimamu na wachungaji, kila mmoja kwa uzito wake. Wazee wa Mambrui, shikamooni. Wajumbe wa Ngomeni na Marafa mliofika bila kualikwa. Wanahabari, ambao naona ni mmoja. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa nitaizingatia nikimaliza. (Makofi.)

Mimi, Nahashon Ndirangu, Mkurugenzi Mwandamizi wa Mamlaka ya Uratibu wa Mwanga wa Jua, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao makao makuu wameutaja kuwa wa kiwango cha kimataifa (vicheko), ili kufungua rasmi Kituo cha Vitamini D, mradi uliopitia wakshopu, ukapitia stekiholda, ukarudishwa wakshopu, na ambao kwa mujibu wa rodimapu yetu umefikia asilimia tisini na tisa ya kufikiriwa. (Makofi.)

Ndugu wananchi, vitamini D hutengenezwa na ngozi ikipata jua. Mwajua kwamba huimarisha mifupa. Lakini ndani ya mifupa hiyo mna uboho, na humo ndimo damu inamozaliwa. Humo chembe changa hukaa zikikomaa, na vitamini D ni miongoni mwa mambo yanayozielekeza ziwe askari wa kinga, hawa walinde kifua, wale wawakabili vijidudu. Ikipungua, mwili hubaki na makuruta wasiojua waende wapi. Hayo yote sikuyajua nilipoteuliwa. Niliteuliwa kwa sababu nina sauti nzito. (Vicheko virefu.)

Aliyenifundisha ni Daktari Abigael, wa zahanati moja kule Malindi, siku nilipofikishwa kwake nikiwa nimebebwa. Nilikuwa nikihutubia semina kuhusu faida za jua, hotelini, mapazia yamefungwa ili slaidi zionekane na kiyoyozi kikiunguruma, nikakohoa, nikakohoa tena, nikaiangukia projekta. Ilikuwa homa ya mapafu, na haikuwa ya kwanza mwaka huo. Akanipima damu.

"Mheshimiwa, vitamini D yako iko chini mno," akasema. "Kwani wewe hukai juani?"

"Daktari," nikamjibu, "kiutawala, mimi ndiye jua lenyewe."

(Vicheko. Sauti: "Ongeza!")

Akanilaza. Kitanda cha pili alikuwepo mama wa hapa hapa Mambrui, Bi Batuli, na mwanawe Faiz, mtoto aliyeanza kutembea juzi tu, miguu imepinda kwa matege, mpira wa oksijeni puani, mbavu zikizama ndani kila avutapo pumzi. Nami, kwa mazoea ya kazi, nikajitambulisha kwa cheo changu kizima.

Bi Batuli akanitazama. "Kumbe ndiwe," akasema. "Ndiwe uliyesema redioni tusihangaike kwenda mbali, matone ya vitamini D yaja papa hapa. Basi nikangoja. Mtoto akikohoa namwambia, subiri mwanangu, serikali yaja."

Ndugu wananchi, mimi nina jibu la kila swali, la kamati, la wafadhili, hata la mke wangu. Nilifungua kinywa, nikasikia neno "mchakato" linataka kutoka, nikakifunga.

Kutwa nzima nilimsikiliza mtoto yule akipumua, na kila pumzi ilipochelewa na yangu ilisimama. Hatimaye dawa ikamshika. Asubuhi moja akaomba uji, Bi Batuli akalia, nami nikalia, nikamwambia muuguzi kwamba ni athari za matone niliyopewa. (Vicheko hafifu.) Daktari Abigael akamweleza mama: kifua kimetibiwa kwa dawa, matege yatachukua miezi, apewe matone kila siku, atolewe nje apate jua la asubuhi, na kinga itajijenga taratibu. "Na akikohoa tena," akasema, "mlete siku ile ile. Usimngoje mtu." Alisema hivyo huku ananitazama mimi.

Tuje kwenye mafanikio. Mamlaka imefanya ziara ya benchimaki, yaani kujilinganisha na wenzetu, katika nchi ya theluji, imechapisha fulana, imeunda kamati ndogo ya kusimamia fulana...

(Bi Batuli anasimama, amembeba Faiz ubavuni: "Mheshimiwa, hicho kituo chenyewe ki wapi?")

Swali zuri sana, Bi Batuli, na nalipokea kama fidibeki. Kituo kiko katika awamu ya utekelezaji usioonekana. (Miguno.)

Naona Chifu ananiashiria nimalize. Basi tuseme pamoja: Vitamini D, oyee! (Oyee!) Askari wa uboho, oyee! (Oyee.) Mchakato, oyee! (Kimya.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wazee wa msikiti kwa kutuazima viti, na Bwana Karisa kwa kuturuhusu kufunga utepe kwenye nguzo za zizi lake la mbuzi, kwa kuwa kituo hakina nguzo, hakina msingi, hakina kiwanja, hakina tone hata moja la dawa, na tangu hapo hakikuwa na chochote ila mimi. Ahsanteni pia kwa kuketi juani muda wote huu. Vitamini D mliyoipata ndiyo yote niliyowaletea. Mwenye mtoto anayekohoa asiningoje. Gari langu lile pale, dereva anajua njia ya kwa Daktari Abigael. Ingieni. Mimi nitatembea.

(Hakuna makofi. Kina mama wanainuka, wanaelekea kwenye gari.)