Kiti cha Mbele cha Mama Mkwe

Jumatatu, 22 Juni

Wananchi wote wa jimbo la Indiana wafahamishwe kwamba leo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, sailensa ya kushoto ya gari langu, Oldsmobile ya mwaka 1968, imejiuzulu mbele ya kanisa. Ilihudumu miaka kumi na tisa. Imeacha mjane mmoja, sailensa ya kulia.

Pigo. Lakini pia nafasi. Jumamosi kuna shindano la mngurumo pale kwenye kibanda cha aiskrimu. Waamuzi watatu hukaa wameyapa magari mgongo, wanasikia namba ikiitwa na mngurumo wake tu. Mshindi huongoza gwaride la Julai Nne, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Miaka mitatu mfululizo ni jirani yangu, Lyle Bontrager. Ningevumilia na wa nne. Ila mwaka huu mgeni wa heshima ni mama mkwe wangu, Bi Opal, miaka tisini na mmoja, na mgeni wa heshima hupanda gari la mbele. Yaani mama wa mke wangu aupungie mkono mji mzima kutoka kwenye gari la Lyle. Hapana.

Jumanne, 23 Juni

Nimeng'oa na sailensa ya kulia. Hoja yangu: sauti ikiachiwa huru inakuwa kubwa, na kubwa ndiyo hushinda. Nikawasha. Glasi zikacheza kabatini. Mbwa wa Lyle akaingia chini ya kibaraza, na hadi naandika hajatoka. Nadine, mke wangu, alitoka na taulo kichwani akaniambia kwa ishara nizime. Nilipozima akaongeza kwa maneno. Mama mkwe akapiga simu kutoka mtaa wa tatu kuuliza kama ghala la mahindi limelipuka. Nikakiri ni mimi. Akasema, "Aa, basi sawa," kama mtu asiyeshangazwa tena na lolote.

Sauti yenyewe, kwa kweli, ilikuwa ya trekta lenye kifua.

Jumatano, 24 Juni

Nimefunga sailensa mbili mpya. Na nimesoma. Kumbe tatizo ni kwamba mabomba yangu hayajuani. Silinda nne zinapumulia kushoto, nne kulia, kila upande na habari zake, kama wanandoa walionuniana. Panatakiwa kiungo katikati. Nimenunua chenye umbo la herufi X, mabomba yanakumbatiana kabisa. Nimechomelea mchana kutwa.

Nikawasha. Sauti ikapanda juu, laini, ya haraka haraka. Gari la mbio la Italia. Kwingine ni sifa. Kwenye mji wa wakulima wa mahindi, ni msiba. Lyle alichungulia juu ya ua akauliza, kwa upole kabisa, kama tumenunua cherehani.

Alhamisi, 25 Juni

Lyle amekuja na pai ya stroberi na ushauri. Kasema nikate hiyo X, niweke kipande kifupi kinachokatiza kati ya mabomba, kama mstari wa katikati wa herufi H. Hapo sauti inashuka tumboni. Kiwekwe wapi? Nipake mabomba rangi, niache injini ikinguruma, na rangi itakapoungua kwanza ndipo joto linapojazana, ndipo pa kukata. "Ila jirani, chukua rangi ya bei ya chini kuliko zote," kasema.

Nikatabasamu. Mtu gani anampa mpinzani wake siri? Mtego. Nikala pai yake, nikaenda dukani, nikanunua rangi ghali kuliko zote. Ya majiko ya kuchomea nyama.

Ijumaa, 26 Juni

Dakika arobaini injini inanguruma. Rangi haijaungua. Haijafifia hata. Inapendeza. Ndipo nikasoma kopo: imetengenezwa isiungue.

Nimekata kwa kukisia, nikachomelea kipande cha H. Mahali pazuri, karibu na stata, mota ya kuwashia injini, mkono unapopita kwa urahisi. Na sauti ikaja. Nzito, ya chini, ya taratibu. Nilikaribia kulia. Nadine kasema sasa linafanana na gari. Kasema pia kuna harufu ya kitu kinachoungua. Nikamwambia asinifundishe magari.

Jumamosi, 27 Juni

Nimeshinda. Namba saba, mimi. Namba nane, Lyle, wa pili. Mwamuzi mmoja, mpiga kinanda wa kanisani, alisema namba saba ilimkumbusha radi ya mbali. Namba nane nzuri pia, akasema, ila imechoka kidogo. Lyle alinipa mkono. Nikamwambia asikate tamaa, elimu ya mabomba haina mwisho. Naandika kwa ufupi kwa sababu ya unyenyekevu.

Jumamosi, 4 Julai

Gwaride limekwisha. Mama mkwe alikaa kiti cha mbele, kofia ya bluu, akipunga. Tulipofika benki akaniambia, bila kuacha kupunga, "Verlin, siku ya shindano waamuzi walikupa mgongo. Mimi sikukupa."

Basi niandike ukweli. Namba saba ilipoitwa nilizungusha ufunguo. Ikasikika tiki. Waya wa stata ulikuwa umeyeyukia juu ya bomba langu jipya. Lyle, kwenye gari la pembeni, aliniona usoni. Akawasha lake, akakanyaga mafuta mara tatu, akazima. Ilipoitwa namba nane akakanyaga tena mara tatu. Gari moja lilipata nafasi ya kwanza na ya pili.

Leo jioni nilikwenda kwake. Nikauliza kwa nini. Akasema mama mzee apande gari la mkwewe, hayo mengine ni kelele tu. Akanimiminia maji ya limau. Nilirudi nimeguswa sana, nikakaa kibarazani nikitafakari.

Kisha nikamwandikia katibu wa shindano. Mwakani naomba nafasi ile ile, ubavuni kwa Lyle. Sauti ya gari langu hutoka vizuri zaidi pale.